Jim Reeves kwa mpangilio wa miaka: uzi wa wanaopenda kukaa chini na kusikiliza

#1 Mtoto wa Stesheni

Wakuu, heshima kwenu wote. Wakubwa, shikamooni.

Kwa miezi mitatu sasa, nikishatoka kazini, nikaoga, nikala, nakaa na Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani. Sisemi zile nyimbo kumi na tano tunazozijua wote za Krismasi na za misibani. Nasema rekodi zake kwa mamia, zile ambazo lebo ya Bear Family ya Ujerumani ilizikusanya mwaka 1994 kwenye boksi moja la sidii 16. Mwalimu mmoja mstaafu hapa mtaani analo, akaniazima kwa sharti moja: nirudishe sidii niliyonayo ndipo nichukue nyingine. Sharti lile limenifaa sana, maana nimelazimika kwenda mdogo mdogo, mwaka kwa mwaka, bila kurukia nyimbo ninazozipenda.

Nianzie nyumbani ili mjue nilikotokea. Baba alikuwa mtu wa reli, Tabora. Tulikuwa na redio kaseti moja na kanda moja ya Jim Reeves ambayo rafiki yake alimrekodia kutoka kwenye santuri. Mkwaruzo wa sindano uliingia humo humo, na mpaka leo nikisikia "Am I Losing You" bila ule mkwaruzo nahisi kuna kitu kimepungua. Betri zikichoka tulizianika juani. Kurudisha kanda nyuma ilikuwa kwa kalamu ya Bic, unaichomeka kwenye tundu la kanda unazungusha, ili tusile betri bure. Hiyo kazi ilikuwa yangu. Baba alikuwa na daftari lake: anasikiliza mstari mmoja, anasimamisha, anaandika, anarudia. Kiingereza chake kingi kilitoka pale. Alikuwa akisema, "Huyu mzungu hamezi maneno."

Sasa nilichokisikia baada ya kupita miaka yote, na ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu: ile sauti tunayoijua, nzito, ya chini, ya mtu aliyekaa karibu nawe, Jim Reeves hakuanza nayo. Alianza akiimba juu, kwa nguvu, kama wenzake wote wa muziki wa kantri wa wakati ule. Akaishusha kidogo kidogo. Ukisikiliza kanda za "nyimbo bora" huwezi kulijua hilo, kwa sababu wanakupa mtu aliyekwisha kufika. Ukisikiliza zote kwa mpangilio, unamsikia akiwa njiani.

Nashusha hatua kwa hatua. Mwenye la kuongeza karibu.

#2 Kinanda cha Moshi

Mkuu, nimekaa mkao wa kula. Shusha mzigo.

#3 Binti Pangani

Shikamoo kaka. Kwetu Jim Reeves ni mwezi wa Desemba. Mama alikuwa nayo ile santuri ya *Twelve Songs of Christmas*, haitoki kabatini mpaka tarehe 20, na ikitoka watoto haturuhusiwi kuigusa. Nilikuwa nadhani huyu mtu aliimba Krismasi tu. Endelea, tunafuatilia.

#4 Mtoto wa Stesheni

Marahaba dada. Hiyo albamu ni ya mwaka 1963, nitaifikia.

Mwanzo wake. Alizaliwa 20 Agosti 1923 huko Texas, kaunti ya Panola, kijijini hasa. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga, mama akalea kundi la watoto peke yake kwa kazi ya shamba. Ujana wake aliutia kwenye besiboli, akafika mpaka kusajiliwa na timu ya chini ya St. Louis Cardinals, kisha akaumia mshipa wa mguu, mchezo ukaishia hapo. Akaingia redioni kuwa mtangazaji, na baadaye akawa KWKH ya Shreveport, Louisiana, kituo kilichokuwa kikirusha kipindi kikubwa cha muziki cha *Louisiana Hayride*.

Lishikeni hili la utangazaji, tutalirudia.

Wimbo uliomtoa ni "Mexican Joe" wa mwaka 1953, kwenye lebo ndogo iitwayo Abbott. Ulishika namba moja kwenye chati ya kantri. Ukiusikia leo bila kuambiwa ni nani, hutataja jina lake. Mwendo wa haraka, fidla inachekecha, gita la stili linalia, na yeye yuko juu kabisa ya sauti yake, anasukuma maneno kama mtu anayeita wenzake ng'ambo ya mto. Baada yake ukaja "Bimbo", wimbo wa mtoto mdogo anayetembea mtaani, nao ukashika namba moja. Sidii ya kwanza na ya pili zote ni za namna hiyo. Nyimbo za kufurahisha, siwezi kuzisema vibaya. Ila nilikaa jioni ya nne najiuliza, yule mtu wa baba yuko wapi?

Mwaka 1955 akahamia RCA Victor. Mwaka wa kwanza na wa pili bado ni yule yule. Halafu unafika Februari 1957.

#5 Mdau wa Nakuru

"Four Walls". Nimejua unaenda wapi. Mzee wangu aliupenda huo kuliko yote.

#6 Mtoto wa Stesheni

Ndio huo, ndugu yangu.

Prodyuza wake alikuwa Chet Atkins, mpiga gita ambaye wengi humu mnamjua kwa jina lake mwenyewe. Atkins alipoupata wimbo ule aliuona ni wa mwanamke: mtu amekaa ndani, kuta nne, anasubiri mpenzi ambaye yuko nje anastarehe. Reeves akashikilia kwamba ataimba yeye. Na alipofika studio hakusimama mbali na kipaza sauti kama ilivyokuwa desturi. Akakisogelea kabisa, akaimba kwa sauti ya kuongea.

Kuna jambo la kifundi hapa. Vipaza sauti vya aina ile, ukivisogelea, vinazijaza sauti za chini. Kifua cha mtu kinakuwa kikubwa bila yeye kuongeza nguvu. Lakini ukisogea ukaimba kwa kelele, unaharibu rekodi. Kwa hiyo anayesogea lazima ajue kupunguza, tena ajue kuzificha pumzi zake na herufi kali kama P na B zisipige kwenye kipaza sauti kama mlango. Nani anajua kazi hiyo? Mtangazaji wa redio. Miaka yote ile ya kusoma matangazo usiku alikuwa anazungumza na msikilizaji mmoja mmoja, na siku ile ya 1957 akaipeleka kazi ya utangazaji ndani ya wimbo.

Sikilizeni "Four Walls" mkiwa mmetoka kwenye "Bimbo" moja kwa moja. Fidla hakuna. Wanaoitikia nyuma ni The Jordanaires, wale wale waliokuwa wakimwitikia Elvis Presley, na hapa wanaitikia kama watu walio chumba cha pili. Nilirudia mara sita. Mke wangu akaja kuuliza kama redio imekwama.

Kuanzia hapo hata wasiopenda kantri wakaanza kununua santuri zake. Huo mtindo laini wa Nashville, piano na waitikiaji mahali pa fidla na banjo, haukuletwa na yeye peke yake, Atkins ana sehemu yake kubwa, na wapo waliolalamika kwamba kantri inapotezwa. Mimi nawaelewa waliolalamika. Lakini ule mtindo ndio uliomfikisha Tabora.

#7 Kinanda cha Moshi

Hapo kwenye P na B mkuu umenifungua masikio. Nimeweka "He'll Have to Go" sasa hivi kwa spika za masikioni. Kuna vitone fulani vinadondoka nyuma, kama maji kwenye sufuria. Ni piano?

#8 Mtoto wa Stesheni

Hiyo ni vaibrafoni, chombo cha vibao vya chuma vinavyogongwa, aliipiga Marvin Hughes. Piano ni ya Floyd Cramer. Wimbo ulirekodiwa 15 Oktoba 1959, Studio B ya RCA, Nashville. Gita Hank Garland, besi Bob Moore, ngoma Buddy Harman, wanaoitikia ni Anita Kerr Singers. Nimeyatoa kwenye kitabu cha boksi, kitabu kizito kama Biblia ya madhabahuni.

Na huu wimbo niuseme kwa urefu kidogo, maana kwangu ndio kilele.

Kisa ni cha simu. Mwanamume yuko baa, amempigia mwanamke wake, na anasikia kwamba kuna mtu mwingine pale alipo. Anamwomba asogeze mdomo kwenye simu. Sasa angalieni: anaposema hivyo, yeye mwenyewe midomo iko kwenye kipaza sauti. Anachokiomba ndicho anachokifanya. Ndiyo maana mstari wa kwanza unakushika hata kama hujui Kiingereza, mwili unaelewa kwamba mtu amesogea. Anaanza chini sana, karibu na mwisho wa sauti yake, mahali ambapo wengi tungebaki na hewa tupu.

Halafu vyombo vinasubiri. Anamaliza mstari, kimya kidogo, vaibrafoni inadondosha vitone viwili vitatu, anaendelea. Hakuna chombo kinachopita juu ya neno lake. Harman kwenye ngoma karibu humsikii. Baba alikuwa anaweza kuandika maneno ya wimbo huu bila kusimamisha kanda, sasa najua kwa nini: nafasi ya kuandika iliachwa humo ndani.

Ulitoka kama upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza ulikuwa "In a Mansion Stands My Love". Watangazaji wa redio wakaigeuza santuri. Mwaka 1960 ukakaa namba moja ya kantri wiki 14 na ukafika namba mbili kwenye chati kuu ya pop.

#9 Mama Kigamboni

Wanangu, nimesoma kimya kimya sasa nami niseme. Marehemu mume wangu tulimzika kwa "This World Is Not My Home". Aliomba mwenyewe. Kijana wa muziki alileta spika kubwa, akaweka, na ilipofika pale anapoimba taratibu watu wote waliokuwa wanaongea chini ya turubai walinyamaza. Alikuwa hajainua sauti. Nilikuwa sijawahi kuwaza kwa nini walinyamaza, leo umenieleza. Mungu akubariki.

#10 Mtoto wa Stesheni

Shikamoo mama, na pole sana. Mungu ampumzishe baba.

Huo uko kwenye albamu ya *We Thank Thee* ya mwaka 1962, pamoja na "Take My Hand, Precious Lord" na "I'll Fly Away". Nyimbo ambazo wengine huziimba kwa kupaza mpaka dari litikisike, yeye anaziimba kama mtu aliyepiga magoti peke yake. Hata kwenye Krismasi ya dada Binti Pangani ni hivyo hivyo, sikiliza "Silent Night" inayofunga albamu ile, kisha "Mary's Boy Child". Ni 1963, bado miezi kadhaa tu ya kuishi, na sauti imeshashuka mpaka inapotakiwa. Kwangu miaka ya 1960 mpaka 1964 ndiyo moyo wa boksi. Zipo albamu mbili tatu za kati nilizipita bila kusimama sana.

#11 Mdau wa Nakuru

Wadau, kuna jambo moja linanisumbua na naomba tuliseme kwa heshima. Huyu mtu mwaka 1962 alikwenda kuimba Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, mwaka ambao Mandela alikamatwa. Mwaka uliofuata akarudi kuigiza filamu ya *Kimberley Jim*. Akaimba na Kiafrikaans. Wazee wetu walimpenda na mimi nampenda, lakini nikifika kwenye nyimbo zile huwa naona uzito.

#12 Mtoto wa Stesheni

Umefanya vizuri kulileta. Ni kweli yote. Zile za Kiafrikaans zimo kwenye boksi, "Ek Verlang Na Jou" na nyinginezo. Hakuijua lugha hiyo, alifundishwa kutamka, na anatamka kwa uangalifu ule ule, ndiyo maana zilipendwa sana kule. Nilizisikiliza zote jioni moja na sikuzifurahia. Waimbaji wengi wa nje walikwenda Afrika Kusini miaka ile, na waliowatengenezea njia walijua wanachofanya. Mwaka 1963 huo huo Dar es Salaam ndipo yalipowekwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Baba yangu alimchangia mpigania uhuru kwa mshahara wa reli, na jioni anamsikiliza Jim Reeves. Sikuwahi kumuuliza aliviwekaje viwili hivyo pamoja, na sasa hayupo wa kuulizwa. Nisingependa mtu asome uzi huu akadhani sehemu hiyo haikuwepo.

#13 Kinanda cha Moshi

Heshima kwenu wote wawili. Mkuu, tufikishe mwisho wake. Ni ndege, sivyo?

#14 Mtoto wa Stesheni

Ndege. Tarehe 31 Julai 1964 alikuwa anarusha ndege yake ndogo mwenyewe kutoka Batesville, Arkansas, kurudi Nashville, pamoja na mpiga piano wake Dean Manuel. Wakaingia kwenye mvua kubwa karibu kabisa na kufika. Mabaki yalipatikana baada ya siku mbili. Alikuwa na miaka 40, wiki tatu kabla ya kutimiza 41. Wakati huo "I Guess I'm Crazy" ulikuwa unapanda chati, ukafika namba moja mwenyewe hayupo.

Hapa sasa nataka masikio yenu, kwa sababu ndipo wengi tunapodanganyika bila kujua.

Aliacha kanda nyingi: za studio, na nyingine za majaribio tu. Mjane wake Mary Reeves na RCA wakawa wanazitoa mwaka baada ya mwaka. Zile ambazo zilikuwa tupu, sauti na vyombo viwili vitatu, waliziongezea. Fidla kundi zima, waitikiaji, ngoma mpya. "Distant Drums" ndio mfano mkubwa: aliurekodi kama sampuli tu kwa ajili ya mtunzi, Cindy Walker. Baada ya kifo wakaumwagia okestra, na mwaka 1966 ukakaa namba moja Uingereza wiki tano, katika zama za Beatles. Mwaka 1979 wakamtengenezea wimbo wa kuimba na mwimbaji wa kike, Deborah Allen. Mwaka 1981 wakamuunganisha na Patsy Cline, mwimbaji mwenzake wa kantri, naye alikufa kwa ndege mwaka 1963, ikaonekana kama walisimama pamoja studio.

Ukisikiliza kwa mpangilio, unaumia. Mtu amehangaika miaka saba kukaribia sikio la msikilizaji, halafu unampangia watu thelathini katikati yake na sikio hilo.

#15 Binti Pangani

Kaka hapo nakupinga kidogo. "Distant Drums" wenye fidla ndio niliokua nao. Zile ngoma zinazosikika mbali, na wimbo wenyewe ni wa kijana anayeitwa vitani, mimi naona zinaufaa. Na kama mjane asingetoa zile kanda, mama yangu angesikia nini miaka ya sabini? Alikuwa na haki ya kula kwa kazi ya mumewe.

#16 Mtoto wa Stesheni

Dada, nakubali mawili kati ya hayo. Mjane alikuwa na haki, tena alifanya kazi kubwa kulinda jina lake, sina neno naye. Na zile ngoma nakubali zinafaa. Zilizobaki sikubali. Ninachoomba ni mtu ajue kwamba toleo lisiloongezwa lipo, alitafute, aliweke kando ya lile la 1966, asikilize yote mawili usiku mmoja. Akichagua la fidla, sawa, amechagua akijua.

Kwa wanaoanza, nilivyoona mimi: msianze na "nyimbo bora 40", nyingi zimechanganya za asili na za kuongezwa bila kusema. Anzeni na albamu zilizotoka akiwa hai. *The Intimate Jim Reeves* ya 1960 na *A Touch of Velvet* ya 1962, kisha *Moonlight and Roses* ya 1964. Usiku, sauti ndogo. Ukiongeza sauti unamfukuza.

#17 Mdau wa Nakuru

Nimelipata lile lisiloongezwa, jana usiku. Gita na besi, na yeye. Nilikuwa sijajua kwamba kabla ya ubeti wa mwisho anavuta pumzi. Kwenye ile ya fidla pumzi hiyo haisikiki kabisa.

#18 Binti Pangani

Narudi na taarifa, nimechelewa kwa sababu nilisubiri Jumapili. Nilimpelekea mama simu, nikamvalisha spika za masikioni, nikamwekea "Distant Drums" ile tupu bila kumwambia kitu. Mama ana miaka 78 na sikio la kushoto halisikii vizuri. Alifumba macho. Katikati akaanza kupunga mkono kama mtu anayeniambia ninyamaze, na mimi sikuwa nimesema neno. Ulipoisha akauliza, "Huyu ameimba lini? Mbona leo yuko hapa?"

Nikamwekea ya zamani yenye fidla, ile aliyoizoea. Akasikiliza nusu, akavua spika, akanirudishia.

"Nirudishie yule wa kwanza."

#19 Mtoto wa Stesheni

Mpe shikamoo yangu mama. Kesho narudisha sidii ya 16 kwa mwalimu. Nimemwomba aniazime tena ya kwanza.